Goma–Kinshasa: umbali ni uleule, lakini safari imekuwa mara tatu

GOMA/KINSHASA, Novemba 2025. Kati ya Goma na Kinshasa kuna kilomita zipatazo 1,560 kwa njia ya anga. Kwa ndege ya abiria ya kawaida, kama Boeing 737 au Airbus A320, hiyo ni safari ya masaa mawili na dakika ishirini hivi. Lakini tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, mkaaji wa Goma anayetaka kufika mji mkuu wa nchi yake analazimika kuvuka mpaka na kupita nchi za jirani. Njia anayoweza kupata inaweza kumfanya aruke zaidi ya kilomita 4,500.

Tumepima njia hizo moja baada ya nyingine, kutoka uwanja hadi uwanja. Tumetaka kujibu swali ambalo familia nyingi za Kivu Kaskazini zinajiuliza kabla ya kununua tiketi: Kinshasa iko mbali kiasi gani leo?

Kilomita 1,560 zinatoka wapi?

Umbali wa anga ni mstari mfupi kuliko yote unaounganisha viwanja viwili juu ya uso wa dunia. Haujali mlima, mto, msitu wala mpaka. Ukipima kutoka uwanja wa Goma hadi uwanja wa N'djili, unapata kilomita karibu 1,560, na sehemu kubwa ya mstari huo inapita juu ya msitu wa bonde la Kongo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Lubumbashi iko karibu umbali uleule kutoka Kinshasa: kilomita zipatazo 1,555. Kwenye ramani, mtu wa Goma na mtu wa Lubumbashi wako sawa mbele ya mji mkuu wao. Ndege ya aina moja ingewafikisha wote wawili N'djili kwa muda unaolingana.

Katika maisha ya kila siku hawako sawa hata kidogo. Wa Lubumbashi anapanda ndege akiwa na kadi ya mpiga kura mfukoni, na anashuka Kinshasa siku ileile. Wa Goma anahitaji pasipoti kufika sehemu nyingine ya nchi yake mwenyewe.

Muda wa ndege unahesabiwaje?

Ndege kubwa ya abiria, ikishafika juu, inakimbia kilomita kama 800 kwa saa au zaidi kidogo. Ukigawa 1,560 kwa 800, unapata masaa karibu mawili. Lakini ndege haianzi safari ikiwa na kasi hiyo. Kuna dakika za kutembea uwanjani, za kupanda, za kushuka na za kusubiri zamu ya kutua. Ndiyo maana mashirika huongeza dakika ishirini hadi thelathini kwenye ratiba. Ndege ndogo zenye mapanga zinaenda taratibu zaidi na zinaweza kulazimika kutua njiani kuongeza mafuta.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Mashariki ya Kongo ni kati ya maeneo ya dunia yanayopigwa na radi nyingi zaidi. Vipimo vya setilaiti za Marekani viliweka eneo la Kabare, Kivu Kusini, mbele ya maeneo yote ya Afrika. Rubani akiona wingu la mvua kubwa mbele yake hulizunguka, na kila mzunguko una dakika zake.

Halafu kuna suala la saa, ambalo huwachanganya hata wasafiri wazoefu. Kongo ina saa mbili: Kinshasa na majimbo ya magharibi yako saa moja nyuma ya Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi. Ukiondoka Goma saa 4:00 asubuhi na kuruka kwa masaa mawili na dakika ishirini, saa ya Kinshasa itaonyesha 5:20. Tiketi itakufanya uamini umeruka kwa saa moja na dakika ishirini tu. Ukirudi, mambo yanageuka: unaondoka Kinshasa saa 4:00 asubuhi, unafika Goma saa 7:20 mchana, na karatasi inaonyesha masaa matatu na dakika ishirini. Ndege ni ileile na anga ni ileile. Kilichobadilika ni saa ya ukutani.

Uwanja ambao haukuwahi kuwa na raha

Uwanja wa Goma una historia ngumu hata kabla ya vita vya sasa. Uko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, wakati N'djili iko mita 313 tu. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kuinuka. Kwa hiyo urefu wa njia ya kurukia una maana kubwa hapa kuliko Kinshasa.

Na njia hiyo ndiyo Nyiragongo iliyoikata. Mlima huo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilishuka hadi katikati ya mji na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia, karibu theluthi nzima. Kati ya mita kama 3,000 zilibaki 2,000 hivi. Kwa miaka mingi ndege zilizokuja Goma zilitumia kipande hicho kilichobaki, zikiwa na jiwe jeusi la lava upande mmoja na nyumba za watu upande wa pili. Baadaye Benki ya Dunia ilifadhili mradi wa kuboresha usalama wa uwanja huo.

Wakaaji wa Birere hawahitaji kuelezwa maana ya njia fupi. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya DC-9 ya kampuni ya Hewa Bora ilishindwa kuinuka, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaani. Watu wapatao 40 walikufa. Wengi wao walikuwa wakaaji na wachuuzi waliokuwa chini, si abiria. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Beni iliangukia nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha.

Pamoja na hayo yote, uwanja uliendelea kuwa mlango wa Kivu Kaskazini. Huko ndiko waliopitia wanafunzi, wagonjwa, wabunge, wafanyakazi wa misaada na wafanyabiashara. Mlango huo ulifungwa waasi wa AFC/M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025. Tarehe 14 Februari, waasi walichukua pia uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu. Kwa muda wa chini ya wiki tatu, miji mikuu ya majimbo mawili ya Kivu ilikuwa imepoteza ndege zake za abiria.

Njia tatu za leo

Njia ya kwanza ni ya Kigali. Msafiri anavuka mpaka Grande Barrière au Petite Barrière, anaingia Gisenyi, kisha anapanda gari kwa kilomita zipatazo 155 hadi Kigali. Barabara ni ya lami na nzuri, lakini ina kona nyingi za milima. Safari inachukua masaa matatu hadi manne.

Akifika Kigali hapati ndege ya moja kwa moja kwenda Kinshasa. Serikali ya Kongo ilisimamisha safari za RwandAir nchini mwezi Mei 2022. Mwezi Februari 2025 ilikwenda mbali zaidi na kufunga anga yake kwa ndege zote zilizosajiliwa Rwanda. Kwa hiyo lazima msafiri aelekee mashariki kwanza, yaani aipe Kinshasa mgongo, ndipo ageuke kurudi magharibi.

Akipitia Nairobi, anaruka kilomita karibu 760 kwenda, kisha 2,410 kurudi hadi Kinshasa. Jumla ni kilomita 3,170, zaidi ya mara mbili ya umbali wa kweli. Akipitia Addis Ababa, anaruka kilomita zipatazo 1,545 kutoka Kigali, halafu 2,985 hadi Kinshasa. Jumla ni kilomita 4,530, na ukiongeza barabara ya Goma–Kigali unakaribia 4,700. Hiyo ni mara tatu kamili ya ile 1,560. Tazama pia hili: kipande cha Kigali–Addis Ababa peke yake kinalingana na safari nzima ya Goma–Kinshasa. Msafiri anatumia umbali wote aliohitaji, kisha anajikuta Ethiopia, na safari yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Angani atakaa masaa sita na nusu hadi saba. Ukihesabu gari, mpaka, kusubiri uwanjani Kigali na kubadilisha ndege Addis Ababa, safari ya asubuhi moja inakula siku nzima, na mara nyingine usiku pia.

Njia ya pili ni ya Uganda. Gari linatoka Goma, linapita Rutshuru, linavuka mpaka Bunagana, kisha Kisoro, Kabale na Mbarara hadi Kampala na Entebbe. Ni takriban kilomita 600 za barabara. Kutoka Entebbe hadi Kinshasa ni kilomita 1,950 kwa anga. Kwa hesabu ya kilomita, hii ni fupi kuliko ile ya Addis Ababa. Kwa mwili wa mtu, hasa mgonjwa, mzee au mama mjamzito, kilomita 600 za gari ni jambo jingine kabisa.

Njia ya tatu haitoki nje ya nchi. Ni barabara ya kitaifa namba 2, inayopanda kaskazini kupitia Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero na Butembo hadi Beni. Kutoka uwanja wa Mavivi hadi Kinshasa ni kilomita karibu 1,650 kwa anga. Ni njia isiyohitaji pasipoti. Lakini inapita katikati ya eneo la vita: msafiri anaondoka sehemu inayoshikwa na waasi na kuingia sehemu inayoshikwa na serikali, na kati ya hizo mbili kuna mstari wa mbele katika Lubero. Hakuna ratiba inayoweza kuandika muda wa njia hiyo.

Kuhusu barabara na mto, hiyo si njia ya mtu mwenye haraka. Kinshasa–Kisangani kwa mto Kongo ni kilomita 1,734, na mashua zinachukua wiki. Kisha kutoka Kisangani kuja Goma kuna barabara ya Walikale, ambayo tangu miaka mingi imeharibika.

Kwa kifupi, kutoka Goma hadi Kinshasa:

– Moja kwa moja, uwanja ukiwa wazi: kilomita 1,560.
– Kupitia Entebbe: kilomita 2,550, karibu 600 kati ya hizo kwa gari.
– Kupitia Kigali na Nairobi: kilomita 3,325, 155 kati ya hizo kwa gari.
– Kupitia Kigali na Addis Ababa: kilomita 4,690, 155 kati ya hizo kwa gari.

Nani analipa hizi kilomita?

Wa kwanza ni mwenye mfuko mdogo. Safari ya ndani ilihitaji tiketi moja na kadi ya mpiga kura. Safari ya sasa inahitaji pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, gari la kukodi au basi, tiketi ya kimataifa, na pengine pesa ya kulala njiani. Kuna pia ada ya Go-Pass, iliyoanzishwa mwaka 2009 kusaidia viwanja vya ndege: iliwekwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje. Kwa karatasi za uwanja wa N'djili, mtu wa Goma anayerudi nyumbani kupitia Addis Ababa ni abiria wa safari ya nje.

Asiye na pasipoti, na wasio nayo ni wengi, njia za Kigali na Entebbe kwake ni ukuta. Kwake Kinshasa si kilomita 1,560 wala 4,690. Haifikiki, isipokuwa akubali hatari ya barabara ya Lubero.

Wa pili ni mfanyabiashara. Kwa miaka mingi ndege zilizorudi Kinshasa zilibeba kile ambacho udongo wa volkano unatoa: jibini la Masisi, maharagi, mbatata, mboga za majani. Jibini na mboga ni vitu vinavyohesabu masaa. Bidhaa iliyopaswa kufika sokoni Kinshasa jioni ya siku ileile haiwezi kuzungushwa Entebbe au Addis Ababa ikabaki na bei ambayo mama wa Kinshasa anaweza kulipa. Mkulima wa Masisi anapoteza mteja, na mpishi wa Kinshasa anatafuta jibini la nje.

Wa tatu ni familia. Msiba wa Kiafrika hausubiri. Mtu akifia Kinshasa na mama yake akiwa Goma, swali la zamani lilikuwa ndege ya saa ngapi. Swali la leo ni nani kati ya watoto ana pasipoti, na kama mwili utazikwa palepale. Wanafunzi wa Goma walioko vyuo vya Kinshasa, na watumishi wa serikali walioacha wake na watoto nyuma, wanaishi na hesabu hiyohiyo kila likizo.

Wa nne ni anayengoja msaada. Goma ilikuwa kituo kikuu cha mashirika ya kibinadamu kwa mashariki yote. Dawa na vyakula vilivyotua uwanjani sasa vinategemea barabara na mipaka.

Hata majeshi yamepimwa kwa kipimo hicho. Wanajeshi wa SADC walipoanza kuondoka Goma mwishoni mwa Aprili 2025, hawakuondoka kwa ndege. Walipita kwa barabara, kupitia Rwanda hadi Tanzania.

Ahadi ya Paris na mazungumzo ya Doha

Tarehe 30 Oktoba 2025, mwishoni mwa mkutano wa kimataifa kuhusu eneo la Maziwa Makuu uliofanyika Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa katika wiki zinazofuata kwa ndege ndogo za misaada, zikiruka mchana tu. AFC/M23, inayoushika mji, ilipinga tangazo hilo na kusema halikujadiliwa nayo. Kinshasa kwa upande wake inashikilia kwamba anga ya Kongo ni ya serikali ya Kongo na hakuna mwingine wa kutoa ruhusa.

Hapo ndipo kuna fundo lenyewe. Uwanja una pande mbili: ardhi na anga. Ardhi ya uwanja iko mikononi mwa waasi, na ruhusa ya anga iko mikononi mwa Kinshasa. Upande mmoja peke yake hauwezi kuifanya ndege itue. Ndiyo maana suala hili limeingia katika mazungumzo ya Doha, ambako pande hizo mbili zilitia sahihi mfumo wa makubaliano tarehe 15 Novemba, pamoja na kipengele cha kufikisha misaada.

Msomaji atambue tofauti muhimu. Ndege ya misaada si ndege ya abiria. Hata ahadi ya Paris ikitimizwa kesho, mwanafunzi wa Katindo na muuza jibini wa Sake hawatapanda ndege hiyo. Kwa ndege ya abiria kurudi kunahitajika mnara wa kuongozea ndege, zimamoto, bima ambayo kampuni itakubali kulipia, maofisa wa uhamiaji na wa usalama wanaotambuliwa na pande zote, na zaidi ya yote, uhakika kwamba hakuna atakayeipiga ndege risasi.

Kabla ya kuondoka

Kwa anayelazimika kusafiri sasa, mambo machache yanasaidia. Hakikisha pasipoti ina miezi isiyopungua sita mbele, kwa sababu mashirika mengi yanakataa abiria mwenye muda mfupi zaidi. Weka kadi ya homa ya manjano pamoja na pasipoti, si ndani ya sanduku. Nunua tiketi moja inayounganisha safari zote mbili badala ya mbili zilizotengana: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine, lakini ukiwa na tiketi mbili tofauti hasara ni yako. Uliza saa za kufunguliwa kwa mpaka siku ileile, maana zinabadilika. Na soma saa za tiketi kwa makini: Goma na Kigali zina saa moja, Nairobi, Entebbe na Addis Ababa ziko mbele kwa saa moja, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Kati ya Addis Ababa na Kinshasa kuna tofauti ya masaa mawili, na wengi wamekosa ndege kwa kosa hilo.

Serikali, waasi na wapatanishi wanahesabu siku za mazungumzo. Wakaaji wa Goma wanahesabu kilomita, na hizo zinapimika: 1,560 uwanja ukifunguliwa, karibu 4,700 ukiendelea kufungwa.